Namba Iliyotuhamisha

Juzi kijana wa serikali ya mtaa alikuja kwangu na kopo la rangi nyekundu ya mafuta. Akaniamkia vizuri, akasema ametumwa kuandika namba ya anwani kwenye ukuta wa nyumba. Mimi ni mtu mzima, nina mume na watoto wawili, na nyumba hii ya Tarime mjini tumeijenga wenyewe, tofali kwa tofali. Lakini alipofungua lile kopo na harufu ikanifikia, nilimshika mkono. "Usiandike," nikamwambia. Kijana akanishangaa. "Mama, ni anwani tu. Hata kwa mwenyekiti tumeandika." Nikaona aibu. Nikaingia ndani nikajifanya nachambua mchele, na sikutoka mpaka niliposikia anapiga hodi kwa jirani.

Mume wangu huwa ananitania kwamba ameoa mkimbizi. Ana haki yake. Tumekaa humu miaka mingi sasa, na sijawahi kupigilia msumari ukutani. Picha yetu ya harusi bado imeegemea ukuta juu ya kabati, kama vile inasubiri kubebwa. Chini ya kitanda nina begi la shangazi kaja, lile la miraba, lenye nguo za kila mtu za siku tatu. Mume wangu aliwahi kulitoa akaniuliza tunakwenda wapi. Nikalichukua, nikalirudisha.

Wa rika langu mliokulia pande za Genkuru mtanielewa bila maelezo mengi. Wengine itabidi niwasimulie tangu mwanzo.

Kijiji kile kiko jirani na mgodi mkubwa wa dhahabu. Kila zilipovuma habari kwamba mgodi utapanuka na watu wa sehemu fulani watalipwa fidia, wenye uwezo walikimbilia hapo wakanunua vipande vya ardhi na kujenga haraka haraka, ili wathamini wakija wakute nyumba. Nyumba hizo zinaitwa tegesha, kwa sababu zinategwa pale kama mtego wa panya. Hazikujengwa ili watu wakae. Zilijengwa ili zihesabiwe, kisha zivunjwe. Tofali mstari mmoja, udongo mwingi na saruji ya kuonja, lipu upande wa nje tu. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Na kuzunguka nyumba walipanda miche ya michungwa na miparachichi, imebanana kama mchicha kwenye tuta, kwa sababu nayo ilikuwa inahesabiwa shina kwa shina. Mama yangu, ambaye ni mkulima wa kuzaliwa, alikuwa anaona aibu kuimwagilia. "Mti unapandwa ule au upumzike chini yake," alikuwa anasema. "Huu sasa umepandwa wa nini?"

Shida ni kwamba nyumba isiyo na mtu haimdanganyi yeyote. Inahitaji moshi wa jikoni, nguo kwenye kamba, mtoto wa kulia. Pia inahitaji mtu wa kulinda mabati yasiibwe. Hapo ndipo tulipoingia sisi.

Baba alikuwa fundi wa kujenga. Alitoka kwao Kenyamonta, ng'ambo ya mto Mara, baada ya kugombana na kaka yake mkubwa kuhusu mpaka wa shamba. Walirushiana maneno mbele ya watu, na baba akaapa kwamba hatakanyaga tena pale mpaka awe na nyumba ya bati kubwa kuliko ya kaka yake. Kwa hiyo tukaondoka, baba, mama, mimi, na mdogo wangu Mwita ambaye alikuwa bado mgongoni. Huko Genkuru baba akampata mtu mmoja wa Tarime mjini, muuza vipuri vya pikipiki, ambaye sisi watoto tulimjua kwa jina moja tu la Tajiri. Tajiri alikuwa na viwanja kadhaa. Baba alimjengea tegesha, tukakaa ndani tuipe uhai, na ikishahesabiwa na kuhakikiwa, tukahamia nyingine.

Hatukuhama peke yetu. Tajiri hakuwa mtu wa kuacha bati lipotee. Nyumba ikishamaliza kazi yake, baba alipanda juu akang'oa mabati, akang'oa na mlango, vikapakiwa kwenye toroli kwenda kufungwa kwenye tegesha nyingine. Mlango wetu ulikuwa wa mbao, umepakwa rangi ya bluu, na chini una alama ya meno ya panya. Nimeufungua mlango huo mmoja katika nyumba tano tofauti. Asubuhi za siku zile za kwanza nilikuwa nautazama mlango, naona ni kwetu, nautoa mguu nje, na nje si kwetu.

Siku ya kuingia nyumba mpya baba alikuwa na neno lake moja. Aliweka mizigo chini, akatutazama mimi na Mwita, akasema, "Hii msiizoee." Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayekukumbusha kufunga kuku. Nasi tukajitahidi kumtii. Mama hakutoa sufuria zote kwenye kiroba, alitoa mbili tu. Mimi nilijifunza kutouliza majina ya watoto wa jirani, maana ukishajua jina la mtu unakuwa umempata wa kumkumbuka. Watu wazima waliniona mtoto mwenye kiburi. Sikuwa na kiburi, nilikuwa nabana matumizi.

Shule ndiyo iliyoniumiza zaidi. Kila tulipohama tulihama upesi, mara mwalimu mkuu hayupo, mara shule imefungwa, na baba kusoma kwenyewe kulikuwa kwa kuungaunga. Barua ya uhamisho haikupatikana hata mara moja. Nikifika shule mpya bila barua, nilirudishwa nyuma. Darasa la kwanza nimelisoma mara mbili. La pili, wakati huu ninaosimulia, nilikuwa nalisoma mara ya tatu. Nilikuwa na miaka kumi, magoti yanagonga dawati, nakaa na watoto waliokuwa wanabadilisha meno. Kitabu cha kusoma nilikijua kwa moyo, nikiwa nimefumba macho. Watoto waliniita Bibi.

Sasa, mtoto akiachwa bila maelezo hatulii, anatafuta maelezo yake mwenyewe. Mimi yangu niliyapata ukutani.

Katika nyumba ya kwanza walikuja wathamini wakaandika namba nyekundu pembeni ya mlango. Tukahama. Nyumba ya pili ikaandikwa namba, tukahama. Ya tatu wathamini waliikataa, walisema iko nje ya mpaka, hawakuandika kitu. Humo tulikaa muda mrefu kuliko zote, mpaka mvua za masika zilipoangusha ukuta mmoja, tukajisitiri kidogo kwenye stoo ya duka la mtu. Ya nne ikaandikwa, tukahama. Nani angehitaji kuelezwa zaidi? Niliona wazi kabisa kwamba kinachotuhamisha ni ile namba. Habari za fidia, za mipaka, za mgodi, zote zilikuwa zinasemwa mbele yangu kila siku, lakini niliziona ni maongezi ya watu wazima tu, kama maongezi ya siasa. Kazi yenyewe ilifanywa na namba.

Nyumba ya tano ilikuwa jirani na shule. Nilikuwa nasikia kengele nikiwa bado nakunywa uji. Na shule ile alikuwepo Mwalimu Zuhura. Alikuwa ameletwa kwetu kutoka Tanga, mwembamba, mwenye ushungi, na Kiswahili chake kilikuwa laini mpaka watoto wakawa wanamwigiza wakati wa mapumziko. Wiki ya tatu aliniita mbele akanipa kitabu cha darasa la nne. Nikasoma. Akanigeuzia ukurasa, nikasoma. Akaniangalia magoti.

"Barua yako ya uhamisho iko wapi?"

"Haijaja, Mwalimu."

"Haitakuja hiyo, mwanangu. Sikiliza. Wewe kaa hapa hapa, usikose shule, ufanye mtihani wa Desemba na wenzako. Ukishafanya, mimi nitakupeleka la tatu kwa mkono wangu. Lakini lazima uwepo Desemba. Umenielewa?"

Nilimwelewa kuliko alivyojua. Tangu siku ile sikutaka kitu kingine duniani. Sikutaka viatu, sikutaka sukari. Nilitaka Desemba inikute Genkuru.

Wathamini walikuja wiki chache baadaye. Siku hiyo asubuhi na mapema Tajiri alifika na mkewe, mama mnene aliyevaa kitenge kipya, na mama yangu akatuita mimi na Mwita akatuambia, "Leo sisi si watu wa hapa. Twendeni mtoni." Tukashuka na ndoo tupu. Mimi niliwatoroka nikajificha kwenye mahindi nikaona kila kitu. Moshi ulikuwa wa kwetu, nguo kwenye kamba zilikuwa za kwetu, lakini waliosimama mbele ya mlango wa bluu kupigwa picha walikuwa wale wawili, wameshika karatasi kifuani. Kandambili ya Mwita ilikuwa imebaki kizingitini. Yule mama akaisukuma pembeni kwa ncha ya kiatu. Kisha kijana mwenye kopo akachovya brashi akaandika. Herufi mbili na tarakimu tatu, nyekundu, bado zinachuruzika kidogo.

Sikulia. Nilihesabu miezi kwa vidole. Desemba ilikuwa mbali.

Jumamosi iliyofuata mama alikwenda sokoni, baba alikuwa kazini, nikaachwa na Mwita. Nilimpa hindi la kuchoma akae kimya, nikachukua mafuta ya taa na kitambaa. Nilidhani nitafuta kama mtu anavyofuta ubao. Rangi ikasambaa ukutani, ikawa doa kubwa jekundu kama mahali palipochinjiwa kuku. Nikaingiwa na hofu. Nikachukua mwiko wa baba, ule wa kupigia lipu, nikaanza kukwangua. Lipu yenyewe nimeshawaambia ilikuwa ya kuonja. Kipande kizima kikabanduka mara moja, chenye namba yote, kikaanguka miguuni pangu na kuvunjika. Nilikikusanya nikakitupa kwenye mtaro. Pale ukutani nikapaka udongo uliochanganywa na majivu na kinyesi cha ng'ombe, kama mama alivyokuwa anapaka jikoni. Nikanawa mikono. Niseme ukweli, nilijisikia mtu muhimu sana. Nilitembea kuzunguka nyumba nikiitazama, nikasema moyoni, wewe sasa nakuzoea.

Mama aliporudi nilimwambia mbuzi wa jirani alikuwa anajikuna pale, lipu ikaanguka. Akaamini, nani asingeamini, lipu ile angeweza kuiangusha hata kuku. Baba alirudi jioni akautazama ukuta kwa mbali, akaguna, akasema ataurudia siku ya mapumziko. Uongo wangu wa kwanza mkubwa ukapita hivyo, bila hata kuulizwa mara ya pili.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba wathamini hurudi kuhakiki, na nyumba wasiyoikuta na namba wanaiacha nje ya orodha. Walirudi siku ya kazi, baba hayupo, mama yuko mtoni, wakapita. Siku mbili baadaye Tajiri akaja na pikipiki, nyuma amempakia mwenyekiti wa kitongoji. Hakuamkia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta.

"Mura," alimwambia baba, ingawa baba hakuwa kijana tena wa kuitwa hivyo mbele ya watoto wake. "Namba yangu iko wapi?"

"Lipu ilianguka, Tajiri. Mbuzi alijikuna hapo."

Mwenyekiti, mzee mmoja mwenye kofia ya sufu hata wakati wa jua, akausogelea ukuta akakwangua ule udongo wangu kwa ukucha. Chini yake kukaonekana mistari, mirefu, imekwenda sambamba. Hata mimi niliiona.

"Huyu mbuzi ana mwiko," Mwenyekiti akasema taratibu.

Baba aliinama akaitazama ile mistari, na nikaona uso wake unabadilika rangi. Tajiri hakumpa nafasi. Alisema baba amehongwa na watu wanaomwonea wivu. Alisema anajua aina ya watu kama baba, unawapa nyumba ya kulala, wanakuuza mlangoni pako. Baba alimwacha amalize. Kisha akasema, "Sijui nani amefanya. Lakini si mtu wa nyumba hii."

"Utaapa?" Mwenyekiti akauliza.

"Nitaapa."

"Juu ya nani?"

Kwetu neno hilo si la mchezo. Tulikua tunajua kwamba mtu akiapa uongo hafi yeye, wanakufa walio nyuma yake. Tulionyeshwa boma ambalo limebaki magugu tu, tukaambiwa, hapo kuna mtu aliapa. Baba hakusita, kwa sababu alijua anasema kweli. Alimvuta Mwita, ambaye alikuwa anacheza na gurudumu la pikipiki, akamsimamisha mbele yake, akaweka mkono juu ya kichwa chake.

Mwita alicheka, alidhani anachezewa.

"Baba, usiape," nikasema.

Sauti yangu ilitoka ndogo lakini wote walinisikia. Mama, aliyekuwa amesimama na sufuria mkononi, akafumba macho. Nadhani yeye alikuwa amejua tangu alipoona mistari. Baba aliutoa mkono kwenye kichwa cha Mwita polepole sana, kama mtu anayeondoa mkono kwenye chungu cha moto.

"Kwa nini nisiape?"

"Ni mimi nimekwangua."

"Nani alikutuma?" Tajiri akadakia.

"Hakuna. Nilitaka tusihame. Namba ikija tunahama. Nami natakiwa niwepo Desemba."

Hakuna aliyecheka. Ningefurahi kama wangecheka. Mwenyekiti alivua kofia yake, akaikunja, akaivaa tena. Tajiri aliangalia huku na huko kama anayemtafuta mtu mzima wa kugombana naye, asimpate. Mwisho akamwambia baba, kwa sauti ya chini kuliko ile ya mwanzo, kwamba hana maneno na mtoto, ila kesho jioni asitukute pale. Baba akasema, "Nimekosa mimi, Tajiri. Utusamehe." Pikipiki ikaondoka.

Kwa hiyo mnaona nilichofanya. Nilipigana tusihame, nikatuhamisha kwa mikono yangu, na mapema kuliko kawaida.

Nilikwenda mwenyewe kuleta fimbo. Nilijua ilipo, juu ya mlango. Baba aliipokea akaiweka chini bila kuiangalia. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamuuliza mama, "Kwani tumehama mara ngapi?"

"Tano," mama akasema.

"Haziwezi kufika tano. Tatu. Labda nne."

"Sita," nikasema mimi. Nikazitaja. Niliitaja na ile ya kutoka Kenyamonta, nikaitaja na stoo ya dukani. Nilitaja na nilichoacha kila mahali, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nazikumbuka. Jiwe langu la kusagia udongo. Daftari. Mtoto mmoja aliyekuwa ananipa muwa, ambaye kwa makusudi sikumuuliza jina. Mwita alikuwa ameanza kusinzia mapajani kwa mama. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilidhani mnafuata tu," akasema. "Nilidhani watoto hawahesabu."

Nilikuwa sijawahi kumwona baba akishindwa kitu. Nilimwona siku ile, na sikupenda. Ningechagua fimbo.

Asubuhi alinishika mkono tukaenda shuleni kuomba barua, kwa mara ya kwanza. Alimwamkia Mwalimu Zuhura kwa heshima, ingawa mwalimu alikuwa mdogo kwake, akaeleza kila kitu bila kuficha, hata habari ya mwiko. Mwalimu aliziba mdomo kwa ncha ya ushungi. Nilidhani anacheka, kumbe hapana.

"Mnakwenda wapi, Baba Mwita?"

"Sijui, Mwalimu. Nitajua tukishaondoka."

"Basi niachie huyu mpaka mtihani. Nina chumba, niko peke yangu. Nami nimeletwa hapa kwa barua, sikuuliza mtu. Najua kukaa mahali hupajui."

Mama alipoambiwa alikataa. Alisema mtoto wake si mzigo wa kuachwa stendi. Walibishana mpaka jua likawa kali, kisha mama akanigeukia mimi. "Unataka nini wewe?" Ni swali ambalo sikuwahi kuulizwa, na tangu siku hiyo naliogopa. Nilitaka vyote viwili. Nikasema nataka mtihani. Mama akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani kufunga kiroba, na alipotoka alikuwa amenitengea nguo zangu kwenye mfuko mdogo, zimekunjwa vizuri kuliko alivyowahi kuzikunja.

Wao wakahama, mimi nikabaki. Mwita alinipungia mkono akiwa juu ya mizigo, amefurahi, anadhani nakuja nyuma.

Kwa Mwalimu Zuhura nilikaa vizuri, sina la kumlaumu. Alinipigilia msumari ukutani akasema huo ni wa sare yako. Sikuutumia wiki nzima, nilikuwa nakunja sare naiweka kwenye mfuko, mpaka akaitundika mwenyewe. Nilikula, nilisoma, nilihesabiwa kila asubuhi kwenye daftari la mahudhurio. Lakini chakula kikiwa kitamu niliona vibaya kukila. Nilikuwa nimewatoa watu nyumbani kwao, hata kama palikuwa si kwao, halafu mimi ndiye niliyepata pa kukaa. Mtoto wa miaka kumi hana namna ya kulisema hilo. Alichonacho ni kuacha nusu ya chakula kwenye sahani, na ndivyo nilivyofanya mpaka mtihani.

Mara moja tu baba alipiga simu ya Mwalimu. Mtandao ulikuwa unakatika. Nilichosikia ni "Kenyamonta" na "shangazi zako wanakusalimia." Nilielewa kwamba amerudi kwa kaka yake, bila bati. Sikujua alisema nini alipofika pale, au alisimama wapi. Hajawahi kunisimulia, na mpaka leo sijathubutu kumuuliza.

Nilifaulu. Mwalimu Zuhura aliandika barua ya uhamisho kwa mkono wake, akaipeleka kwa mwalimu mkuu ikagongwa muhuri, akaniwekea ndani ya daftari nisiikunje. Kisha tukapanda pikipiki, mimi katikati, tukavuka daraja la mto Mara. Yeye alikuwa na safari ndefu ya kwenda kwao Tanga likizo, kwa hiyo alinishusha kwenye njia panda ya nyumbani kwa baba mkubwa. Mke wa baba mkubwa alinipokea, akanikumbatia, akanionyesha kwa kidole. Kule, baada ya ua wa katani.

Ilikuwa nyumba ndogo ya udongo, imeezekwa nyasi. Sikuijua. Mlango sikuujua. Nilisimama mbele yake na mfuko wangu, nimevaa sare, na sikujua mtu anaingiaje nyumbani kwao mahali ambapo hajawahi kufika. Mwisho nikafanya kama wageni wanavyofanya.

"Hodi," nikasema.

Hakuna aliyejibu. Nikarudia. Sauti ya baba ikatoka nyuma ya nyumba, lakini imetoka chini, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi.

"Nani?"

"Mimi."

Nikazunguka. Kulikuwa na kichuguu cha udongo mbichi, na pembeni yake shimo. Nilichungulia. Baba alikuwa humo, chini kabisa, kifua wazi, ameshika sururu. Juu alikuwa amefunga ndoo kwa kamba kwenye gogo lililolazwa. Alinitazama kwa muda, jua likimwingia machoni.

"Umepita?"

"Nimepita. La tatu. Na barua ninayo."

Akaitikia kwa kichwa. Alifuta uso kwa mkono wenye udongo, akazidi kuuchafua. Mama alikuwa shambani na Mwita, alisema, watarudi sasa hivi.

"Unachimba nini, Baba?"

"Choo."

Katika nyumba zote zile tulizokaa hatukuwahi kuwa na choo. Tulikuwa tunaomba kwa majirani, na majirani walikuwa wanachoka. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba ni kitu ambacho baba anaweza kuchimba. Nilitazama lile shimo, nikaona lilivyo refu, na swali likanitoka kabla sijalizuia.

"Na hapa tutahama lini?"

Baba aliinama. Alijaza ndoo udongo, akaupigapiga kwa kiganja usimwagike.

"Mwanangu," akasema, "nimeona watu wakihamisha mabati. Nimeona wakihamisha hata makaburi. Sijaona mtu akihamisha choo."

Kisha akatikisa kamba. Nikaweka mfuko wangu chini, nikaivuta ndoo.